Mitindo ya Harusi kwenye Ukurasa wa Kilio

Ukifika Bunia ukauliza kwa Estelle wa kompyuta, hata muuza mandazi atakuelekeza. Utapita maduka ya vipuri vya pikipiki, utashika kushoto, utaona kibanda cha mbao chenye maandishi ya bluu: kuandika barua, fotokopi, kurasa za intaneti. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyowachekesha watu mwanzoni. Barua wanaijua, fotokopi wanaijua, lakini ukurasa wa intaneti, nani anaununua kama sabuni? Estelle aliwaacha wacheke hadi wachoke. Ni mwanamke mfupi, mkaidi, asiyependa kuambiwa kwamba jambo haliwezekani na mtu ambaye hata hajalijaribu, na kwa hilo hakosei.

Shule aliiacha vita vilipoikimbiza familia yao. Aliporudi mjini wenzake walikuwa wamemaliza, naye alikuwa mkubwa mno wa kubanana na watoto kwenye benchi. Akajifunza kupiga chapa katika ofisi ya parokia, kisha akajifunza kutengeneza kurasa kwa kutazama video kwenye simu, akizisimamisha kila baada ya sentensi kwa sababu Kiingereza cha wale wasemaji kilikuwa kinamkimbia. Ukimuuliza kwa nini hakukata tamaa, atakusimulia siku alipoona mitindo ikifanya kazi kwa mara ya kwanza.

Alikuwa ameandika ukurasa wake wa kwanza: maneno meusi juu ya weupe, picha imekaa kombo, kila kitu uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Akaandika faili la pili, dogo, la CSS, linaloeleza rangi, ukubwa wa herufi na mahali pa kila kitu. Akaliunganisha na ukurasa, akabonyeza. Ukurasa ule ule, maneno yale yale, hakuna hata herufi moja iliyobadilishwa, ukasimama mbele yake umevaa. Estelle akatoka nje ya kibanda, akavuta pumzi, akarudi kuangalia kama bado upo. Ulikuwepo. "Yesu," akasema, na hakuwa anaapa.

Baadaye akakutana na webpack, chombo kinachokusanya mafaili yote ya kazi yako na kuyafunga furushi moja, ili simu ya msomaji isihangaike kuyatafuta moja moja. Hapo alishangaa upya. Ndani ya faili la JavaScript, lile la amri, mtu anaandika mstari mmoja tu: import, kisha jina la faili la mitindo, basi. Amri zinaita rangi! Mwanzoni alidhani mwalimu wa video amepotoka, maana JavaScript yenyewe haijui kusoma mitindo. Kumbe unaiwekea wasaidizi wawili. Mmoja analisoma faili la mitindo na kulitafsiri. Wa pili anapokea kilichosomwa na kuuvisha ukurasa mara tu unapofunguka kwenye simu ya mtu. Wasipokuwepo, webpack inagoma na kukutupia maneno mekundu. Wakiwepo, huwaoni kabisa, unaona tu ukurasa umependeza. Mpaka leo Estelle hajazoea. Wapo mafundi wanaozoea upesi, na hasara ni yao.

Harusi ndizo zilizomfungulia riziki. Ndugu walioko Kampala, Mahagi na Ulaya wanataka kuona bibi harusi kavaa nini, na hawataki kusubiri hadithi. Kwa hiyo Estelle aliandika mitindo ya harusi kwa moyo wake wote: picha mbili zikae bega kwa bega ndani ya fremu moja ya dhahabu, maua yadondoke polepole, maelezo madogo ya chini ya picha yafichwe yasiharibu uzuri, na juu ya majina yatokee maneno "Bwana na Bibi". Maneno hayo hayakuwa yameandikwa kwenye ukurasa wenyewe. Mitindo ndiyo iliyoyaleta, kwa maana CSS haipaki rangi peke yake; ukiiomba, inaweza kutanguliza hata neno mbele ya jina.

Kisha watu wakaanza kuja na vilio pia, maana ndivyo msiba unavyoitwa kule. Estelle hakuanza upya. Alinakili kazi ya harusi na kuacha mifupa ile ile: picha, majina, maelezo, ratiba. Mstari unaoita mitindo ya harusi ukabaki mahali pake, na chini yake akaongeza mstari unaoita mitindo ya kilio, zambarau na nyeusi, picha ya marehemu juu, kubwa, na waliobaki chini, wadogo. Sehemu kwa sehemu, mitindo ya kilio iliifunika ile ya harusi. Hakuna mfiwa aliyewahi kujua kwamba chini ya ule weusi kuna maua.

Siku moja muzee Bruno akafariki. Ujana wake wote alichimba dhahabu kwenye machimbo ya Nizi, uzee wake akautumia kukohoa kwenye nyumba ndogo mjini Bunia. Asubuhi baada ya kifo, dada yake aliingia kibandani kwa Estelle. Huyo ni Charlotte, ambaye vijana humwita tantine, yaani shangazi, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kutiiwa. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mama mwembamba aliyeshika mkoba kwa mikono miwili. Hakuingia hadi alipoambiwa aingie.

"Photo ya kaka Bruno utaweka juu, munene," Charlotte alisema. "Ya huyu mama utaweka chini, kadogo. Chini yake utaandika: Aliyemutunza mugonjwa."

Estelle aliwatazama wote wawili. "Tantine, huyu si bibi yake?"

"Bibi ya wapi? Ndoa yabo nani aliona? Padri hakuona, siye familia hatukuona. Baliikala tu pamoja. Bibi ni ule familia inamufunga kitambaa, na huyu hatukumufunga kitu."

"Na kesho, ataikala wapi?"

"Kwa jiko, na bamama benye kupika. Weye uko unaniuliza sana, mutoto. Andika."

Yule mama, Alphonsine, akainua macho. "Andika tu vile anasema, mama," akamwambia Estelle. "Bora photo ya Bruno itoke muzuri. Hakupendaka photo mbaya."

Estelle alielewa, na mtu yeyote wa pale angeelewa. Katika ukoo wa Bruno, mume akifa, familia yake humfunga mjane kitambaa cheusi kichwani na kumkalisha kwenye mkeka kando ya jeneza. Yeye ndiye anayeanza kulia, na wanawake wote wanamwitikia. Asiyefungwa kitambaa si mjane. Anabaki jikoni, analia na moshi, na mazishi yakishapita anaombwa aondoke nyumbani, kwa adabu au bila adabu. Alphonsine alikuwa mtu wa familia ya wakulima wa Djugu, aliyefika kwa Bruno na nguo alizovaa tu, akikimbia waliochoma kijiji chao. Bruno alimpa kiti, kisha chakula, kisha hakutaka aondoke tena. Hawakujaliwa mtoto, na hilo ndilo ambalo ukoo haukusamehe. Miaka yote hiyo hakuna ndugu aliyemfukuza, na hakuna aliyemkaribisha. Sasa kesho ingeamua, na mwenye kuamua alikuwa ameshaamua.

Walipoondoka, Estelle alifanya kama alivyoagizwa. Iliuma, tena iliuma sana, lakini kilio kina wenyewe, na wenyewe walikuwa wamesema. Akaweka Bruno juu. Akamweka Alphonsine chini, kadogo. Akaandika "Aliyemtunza mgonjwa". Akafungua ukurasa kuutazama: zambarau, nyeusi, heshima tupu. Hakukuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo lililomkera.

Kabla ya kufunga furushi la mwisho akafanya anachofanya kila mara, kupanga mafaili yake yawe nadhifu. Ndipo jicho lake lilipoangukia ile mistari miwili. Wa harusi juu, wa kilio chini. Haikumpendeza. Alilelewa na nyanya aliyekuwa akimpiga kofi kwa kumsalimia mtoto kabla ya mkubwa, au kwa kumpakulia kijana kabla ya mzee. Vijana wa harusi watatanguliaje mbele ya muzee aliyelala kwenye jeneza? Akaupandisha mstari wa kilio juu, wa harusi akaushusha chini. Mikono ilifanya hivyo kwa heshima, bila kumuuliza kichwa. Webpack ikafunga furushi bila neno jekundu hata moja. Akalipandisha mtandaoni, akatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la familia, na hapo hapo umeme ukakatika, mtandao nao ukapotea kabla hajautazama ukurasa tena. Estelle akafunga kibanda akaenda zake.

Kesho yake alivaa kitenge cheusi akaenda kilioni, kama mtu yeyote mwenye malezi. Kompyuta alikuwa nayo begani, kwa sababu haiachi kibandani peke yake. Nyumba ilikuwa imejaa, jeneza lilikuwa sebuleni, na mkeka wa kando yake ulikuwa mtupu. Uani, wanaume walikaa chini ya turubai. Jikoni Alphonsine alikuwa akipepeta mchele, kichwa chake kimefungwa kitambaa cha kawaida cha njano, uso mkavu. Tangu Bruno akate roho hakuwa amelia kwa sauti. Hakuwa na ruhusa.

Simu ya Charlotte ikalia. Alikuwa binamu yao wa Mahagi, na kwa kuwa mtandao ulikuwa mbaya, binamu alipiga kelele mpaka waliokuwa karibu wakasikia.

"Charlotte, poleni sana! Na mama Alphonsine, mumupe pole yake! Mumefanya muzuri sana kumuweka pale. Siye tulikuwa tunabasema vibaya, tunasema muko bagumu roho. Kumbe mumemupokea!"

"Kumuweka wapi?" Charlotte aliuliza, lakini simu ilishakatika. Ikalia tena. Safari hii ilikuwa shemeji wa Aveba, naye alikuwa analia na kushukuru kwa pamoja. Kisha mtu wa Kampala. Kisha katekista wa parokia, ambaye alisema kwamba ameona, na Mungu pia ameona.

Charlotte akafungua kiungo. Estelle, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, aliuona uso wake ukibadilika, akasogea kuchungulia.

Bruno na Alphonsine walikuwa wamekaa bega kwa bega, sawa kwa sawa, ndani ya fremu moja ya dhahabu. Ile picha ndogo ya chini haikuwa chini tena wala ndogo. Maua meupe yalikuwa yanadondoka juu yao polepole, yakipita kwenye paji la uso la mmoja na kwenye bega la mwingine. Maneno "Aliyemtunza mgonjwa" hayakuonekana popote. Na juu ya majina yao, kwa herufi zilizopinda vizuri, palikuwa na maneno ambayo hakuna mtu aliyeyaandika kwa ajili yao: Bwana na Bibi.

Estelle alijua kila kipande cha ukurasa ule. Fremu aliichora mwenyewe, maua aliyafundisha mwenyewe kudondoka. Alikuwa ametengeneza kurasa nyingi za watu waliooana kwa ngoma na vigelegele, na hakuna hata moja iliyowahi kumfanya aogope kuigusa. Hii aliiogopa. Ilikuwa nzuri kuliko alivyojua kutengeneza.

"Weye!" Charlotte alimshika mkono. "Nani alikutuma ufute maneno yangu?"

"Hakuna mutu amefuta, tantine. Maneno yako iko ndani bado. Yamefichwa tu, hayaonekane."

Jibu hilo halikumsaidia. Akavutwa hadi chini ya turubai, mbele ya wakubwa wa ukoo, na simu ikapitishwa mkono kwa mkono. Charlotte akasema ya kwake, kwa ukali: familia imedharauliwa, ukurasa ugeuzwe sasa hivi, jeneza halijatoka. Mjomba mmoja akamuunga mkono. Mwingine akasema watu wengi wameshaona, itakuwa aibu. Wa tatu akasema aibu ipi, kosa la mashini si neno la ukoo. Muzee Donatien, kaka mkubwa wa Bruno na mkubwa kuliko wote pale, alikaa kimya na fimbo yake kati ya magoti. Hakuna aliyemharakisha. Mkubwa husema mwisho, na akishasema yeye, hakuna wa kusema tena.

Ni hapo, akiutazama ule mdomo uliofumbwa, ndipo Estelle alipoliona kosa lake. Mitindo nayo ni hivyo hivyo! Faili linaloitwa kwanza linasema, linaloitwa mwisho ndilo lenye neno. Yeye alikuwa amempa muzee Bruno nafasi ya kwanza, kama anavyopakuliwa mkubwa, akasahau kwamba kwenye kikao nafasi ya mkubwa ni ya mwisho. Harusi ikasema baada ya kilio, na neno la harusi ndilo lililosimama. Akaketi chini, akafungua kompyuta, akaitazama mistari yake miwili. Ilikuwa imetulia pale, midogo, haina habari.

"Kosa ni yangu," akasema. "Nimeiona. Ni mistari mbili tu, nageuza hapa hapa, sasa hivi."

"Geuza basi!" Charlotte akasema.

Fimbo ya Donatien ikagonga ardhi, na Charlotte akanyamaza.

"Mutoto," muzee akasema, "ukigeuza, batu bote bataona imegeuka?"

"Bote, papa. Wa Mahagi, wa Kampala, bote."

"Na kile bamesha kuona, utakitoa mu macho yabo?"

"Hapana, papa. Macho yabo siwezi."

Muzee akatikisa kichwa polepole. "Nani alikuambia uwaoze?"

"Hakuna mutu, papa. Nilikuwa napanga tu mafaili. Niliona haiko muzuri vijana ba harusi bamutangulie muzee. Nikamuweka Bruno mbele, juu ya heshima. Basi harusi ikabakia nyuma, na ile ya nyuma njo inashinda."

"Ulimuweka Bruno mbele."

"Ndiyo, papa."

Donatien alinyoosha mkono, akaomba ile simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akiisogeza karibu na macho, na maua yaliendelea kudondoka juu ya kioo kana kwamba hayataisha. Estelle aliweka vidole vyake mbali na kompyuta, asije akagusa kitu kwa bahati mbaya.

"Siye bote hapa tulinyamaza," muzee akasema hatimaye. "Miaka yote. Hakuna kati yetu alisema ndiyo, hakuna alisema hapana, tukamuacha ule mama anaikala kwa mulango. Mimi wa kwanza. Sasa imesemwa, na siye hatukuisema. Kama kumuheshimu Bruno njo kumeleta hii, siye tutaigeuza na heshima gani? Mutoto, funga mashini yako. Charlotte, enda umuchukue bibi ya kaka yako."

Hakuna aliyesema baada yake.

Charlotte alisimama palepale, na ilionekana kama hatakwenda. Kisha akageuka, akavuka uani, akaingia jikoni, na wapishi wakampisha. Alphonsine alipomwona akaweka ungo chini haraka kama mtu aliyekamatwa na kosa. Charlotte alifungua kitambaa cha njano kichwani kwa Alphonsine, akakitupa kando. Akatazama huku na huku, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametayarisha kitambaa kingine, akafungua cheusi alichofunga yeye mwenyewe, nywele zake nyeupe zikabaki wazi mbele ya watu wote. Akamfunga Alphonsine. Alirudia fundo, kwa sababu la kwanza lilimtoroka vidoleni.

Akamshika mkono akampeleka sebuleni, akamkalisha kwenye mkeka. Estelle aliwafuata hadi mlangoni. Kila mtu alikuwa akisubiri, maana hakuna anayeruhusiwa kuanza kabla ya mjane. Alphonsine aliweka kiganja juu ya jeneza. Alikiacha hapo kidogo, akikipapasa kipande cha mbao kama bega la mtu aliyelala. Kisha kikatoka kilio chote alichokuwa amekizuia.

"Bwana yangu!" alilia. "Bruno, bwana yangu!"

Wanawake wakamwitikia, na sauti ya kwanza ilikuwa ya Charlotte.